Kumbe kuaga nako kunafundishwa!

 Wenzangu wa Mabibo, natumaini leo maji yametoka kwenye bloku zenu, maana huku kwetu ni ndoo na ngazi tu, mazoezi ya bure. Nimekuwa kimya kwa muda, si mnajua tena, majaribio ya semista yanafuatana kama daladala za Mbagala, hujakaa sawa nyingine hii hapa. Sasa nimepumua kidogo.

Leo naandika kitu ambacho nimekizungukazunguka kwa muda mrefu. Wengi wenu mmeshasikia hadithi zangu za Ujerumani: baridi ya Januari, ule mkate mweusi unaotafunwa kwa taya zote, na yule bibi aliyenigombeza nisivuke barabara taa ikiwa nyekundu wakati hakuna gari hata moja mpaka macho yanapoishia. Lakini jinsi nilivyoondoka sijawahi kuwaeleza. Juzi tukiwa kwenye foleni ya chipsi mwenzangu wa chumbani akaniuliza tu ghafla, "Hivi wewe wakati unaondoka kule ulilia?" Nikamwambia nililia. "Ulimlilia nani?" Nilimwona macho yake, alitegemea nimtaje kijana fulani wa Kijerumani mwenye baiskeli. Jibu la kweli ni kwamba nilimlilia mtoto wa miaka mitatu ambaye kitu anachokipenda kuliko vyote duniani ni gari la taka. Chipsi zikawa tayari, stori ikakatika. Haya, naimalizia hapa.

Kwa ambao hawajui, nilimaliza kidato cha sita mwaka 2021, nikasoma Kijerumani pale Goethe-Institut Upanga, na Agosti 2022 nikaenda Hamburg kufanya kazi ya kujitolea kwa mwaka mmoja kwenye chekechea, wao wanaita Kita. Utaratibu wenyewe ni wa serikali yao, unaitwa Bundesfreiwilligendienst, jina refu kama treni ya TAZARA. Ulianza mwaka 2011 baada ya wao kusimamisha jeshi la lazima. Kabla ya hapo vijana waliokataa kushika bunduki walikuwa wanatumikia kwenye hospitali, nyumba za wazee na sehemu kama hizo, sasa jeshi la lazima liliposimama na wale wakaondoka, ikabidi watafutwe wa kujitolea. Unapewa chumba, bima, hela kidogo ya kujikimu, na siku 25 za semina kwa mwaka. Mshahara hauna, lakini kazi unayo! Saa moja na nusu asubuhi nimeshavua viatu, nimevaa ndara za ndani, napokea watoto.

Watoto walikuwa wananiita Dada. Niliwafundisha mwenyewe wiki ya kwanza kwa sababu jina langu liliwashinda, na pia sikuzoea mtoto wa miaka minne aniite jina langu kavukavu kama tumesoma wote. Wazazi wao wakadhani Dada ndilo jina langu la cheti. Mpaka naondoka nilikuwa napokea kadi zimeandikwa "Mpendwa Dada" kutoka kwa wababa wenye mvi. Sikuwasahihisha, niliipenda.

Sasa huyo mtoto. Jina lake silitaji, tumwite Bwana Mdogo. Aliletwa nikiwa nina wiki tatu tu kazini, yeye akiwa na miaka miwili na kitu, kwa hiyo tulikuwa wageni wawili pale ndani. Na hapa ndipo nilipoona jambo ambalo sikuwahi kuliona nyumbani.

Kule mtoto haachwi chekechea hivi hivi. Kuna kipindi kizima cha kumzoesha, kinaitwa Eingewöhnung, na pale kwetu tulifuata mtindo wa Berlin ambao ulitengenezwa miaka ya 1980. Siku tatu za kwanza mzazi anakuja na mtoto, wanakaa pamoja chumbani kama saa moja, wanaondoka pamoja. Hakuna kuachana kabisa. Mzazi anakaa pembeni kwenye kiti kidogo, magoti yamefika kidevuni, anatulia tu kama samani. Siku ya nne ndipo linafanyika jaribio la kwanza: mzazi anaaga, anatoka nje ya chumba, na hazidishi nusu saa. Mtoto akilia na akakataa kubembelezwa na mlezi, mzazi anaitwa haraka. Akikubali kubembelezwa, muda unaongezwa siku hadi siku. Tena siku ya nne ikiangukia Jumatatu wanasubiri Jumanne, eti mtoto ametoka kukaa siku mbili nzima na wazazi, si haki kumwachisha siku hiyo. Nilicheka moyoni. Nikafikiria madarasa ya awali huku kwetu, mtoto anasukumwa ndani, mlango unafungwa, kilio kinakwisha chenyewe saa ya uji.

Lakini kuna sheria moja walikuwa hawana mchezo nayo: kutoroka marufuku. Mzazi lazima amwangalie mtoto usoni, amwambie naondoka, nitarudi wakati fulani, kwaheri. Hata kama mtoto atapiga yowe mtaa mzima usikie. Baba yake Bwana Mdogo, mtu mzima, mrefu kama nguzo ya umeme, siku ya nne alianza kunyata kurudi nyuma wakati mtoto amezama kwenye matofali ya kuchezea. Mlezi kiongozi wetu akamwita kwa sauti ya chini, "Hapana. Mwambie." Yule baba akarudi, akachuchumaa, akamwambia. Bwana Mdogo akapiga yowe. Baba akatoka macho mekundu. Mimi nikabaki nimemshika mtoto anayenipiga mateke, na moyoni nilikuwa upande wa baba kabisa! Nikasema hawa Wajerumani wana roho gani, si wangemwacha tu atoroke, mtoto acheze kwa amani.

Nilikuwa upande wake kwa sababu kwetu ndivyo tulivyolelewa. Mimi nimekulia Lushoto kwa bibi, mama akiwa Dar anapika chakula na kuuza. Alikuwa anakuja mara mbili tatu kwa mwaka, anakaa siku chache, na kila alipoondoka aliondoka na basi la alfajiri mimi nikiwa nimelala. Nikiamka, kanga yake haipo msumarini. Bibi anasema, "Mama ameenda gulioni, atakuletea mandazi." Nami nilikuwa naamini. Siku ya gulio nilikuwa nakaa kwenye jiwe pale njiani nawaangalia akina mama wakipanda mlima na vikapu, nahesabu kanga. Simlaumu bibi. Ndiyo huruma yenyewe hiyo, mtoto asilie. Nani hapa hajawahi kuambiwa "ameenda dukani kukununulia pipi"?

Nitoke nje ya mada kidogo, wenzangu wa elimu mtanielewa. Mwaka wa kwanza hapa Mlimani, kwenye somo la saikolojia, tuliposomeshwa habari za mtoto kushikamana na mlezi wake, nilikuwa nimesinzia nyuma huko mpaka liliposikika neno Uganda. Kumbe Mary Ainsworth, yule mwenzake Bowlby, kabla ya majaribio yake maarufu ya Marekani alikuwa Uganda mwaka 1954 na 1955, anakwenda vijijini karibu na Kampala, anakaa na akina mama wa Kiganda na watoto wao wachanga, anaangalia nani anamlilia nani na nani akirudi mtoto anatulia. Kitabu chake kuhusu watoto hao kilitoka mwaka 1967. Na ule mtindo wa Berlin umesimama juu ya mawazo hayohayo ya kushikamana. Kwa hiyo yule baba mrefu wa Hamburg aliyezuiwa kunyata, habari yake kwa sehemu ilianzia kwenye mikeka ya akina mama wa Buganda. Nilitamani kumpigia simu.

Turudi Hamburg. Bwana Mdogo alizoea baada ya wiki tatu hivi. Chumba chetu kilikuwa na dirisha linaloangalia njia, na hilo dirisha kazi yake ilikuwa kupungia mkono tu. Lina hata jina lake, Winkefenster, dirisha la kupungia. Mzazi akishaaga mlangoni anapita nje, mtoto anainuliwa, wanapungiana, basi. Kwa mwaka mzima kazi ya kumwinua Bwana Mdogo ilikuwa yangu. Nilijua uzito wake ulivyobadilika kutoka Septemba mpaka Julai, mkono wangu wa kushoto ulijua. Na kila Jumanne tulikuwa na ibada yetu: lile gari kubwa la taka, la rangi ya chungwa, likipita, tunasimama mimi na yeye kwenye uzio tunawapungia wale wafanyakazi. Kuna mmoja alikuwa anapiga honi kwa ajili yake. Siku isiyo Jumanne kwake haikuwa siku kamili.

Mwezi wa tano 2023 mkuu wa chekechea akaniita ofisini. Akaniambia wangependa nibaki, nisomee ulezi wa watoto, ni miaka mitatu, watanisaidia barua na kila kitu. Wapendwa, hilo si jambo dogo. Katika kundi letu wawili walibaki, wanasomea uuguzi kwa sababu uuguzi unalipwa tangu siku ya kwanza ya mafunzo. Nilipopiga simu nyumbani, mjomba akaniambia, "Mungu anakufungulia mlango wewe unauliza kitasa?" Hakukuwa na mtu hata mmoja katika ukoo aliyeniambia rudi, isipokuwa mama, naye hakusema rudi, alisema "utakavyoona."

Niliona nirudi. Msinipigie makofi, haukuwa uzalendo. Sababu zilikuwa nyingi ndogondogo, lakini moja ilikuwa kubwa: kwa Kijerumani mimi ni mtu mpole. Hebu fikirieni, MIMI! Mwaka mzima watu waliniona binti mtulivu, msikivu, anayetabasamu, kumbe nilikuwa natafuta kitenzi. Utani wangu ulikuwa unafika mezani wakati wenzangu wameshahamia habari nyingine. Nikajua naweza kuishi hivyo mwaka, lakini kufundisha maisha yangu yote kwa lugha ambayo siwezi kuchekesha darasa, hapana. Nilitaka kufundisha Kiswahili, na Historia, mahali ambapo mtoto wa nyuma kabisa akininong'onea kejeli nitaisikia na kumrudishia. Nikaomba chuo, nikaomba mkopo, nikamwambia mkuu wangu asante. Alisikitika, kisha hapohapo akafungua kalenda yake tupange tarehe ya sherehe ya kuniaga. Wajerumani bwana! Huzuni na kalenda vinakaa meza moja.

Na si watu tu wanaoagwa. Kule hata serikali unaiaga! Ukihama nchi unatakiwa ujiondoe kwenye daftari la wakazi, inaitwa Abmeldung. Nikajaza fomu, ninakwenda wapi, lini, nikapewa karatasi inayosema kuanzia tarehe fulani mimi si mkazi tena. Karatasi hiyohiyo ndiyo ya kuonyesha kampuni ya simu kwamba ninahama nchi kweli. Nilipotoka pale nje nikaisoma mara mbili. Mwaka mzima wa maisha yangu umefungwa na muhuri mmoja. Huku kwetu mtu anahama Tandika kwenda Tabata, mjumbe anakuja kujua miezi sita baadaye kwa sababu ya mchango wa msiba.

Jumapili ya mwisho niliuaga mji wenyewe. Nilipanda kile kivuko namba 62 pale Landungsbrücken, kwa tiketi ileile ya basi, nikaenda mpaka Finkenwerder na kurudi, nikisimama juu upepo unanichapa. Kama mwanafunzi mtarajiwa wa historia nilikuwa najua kwamba bandari ile na pwani yetu zimejuana zamani, ile kampuni ya meli ya Deutsche Ost-Afrika Linie ilianzishwa palepale Hamburg mwaka 1890, na siku hizi Hamburg na Dar ni miji marafiki, walisaini mwaka 2010. Nilijaribu kuwaza mambo makubwa kuhusu watu wote walioagana kwenye maji yale. Haikuwezekana, nilikuwa nawaza Ijumaa.

Sherehe ya kuniaga ilikuwa nzuri. Nilipewa fulana yenye viganja vya watoto wote kwa rangi. Halafu kuna desturi yao moja, wale watoto wakubwa wanaokwenda kuanza shule wanatupwa nje ya chekechea. Kutupwa kweli jamani, sitanii! Walezi wanamshika mtoto mikono na miguu, wanambembeza moja, mbili, tatu, anarushwa nje ya mlango kwenye godoro, wazazi wanapiga makofi na kupiga picha. Mwaka ule wakaamua na Dada naye atupwe. Nilihitaji walezi wanne na bado godoro lilisogea.

Lakini kabla ya hapo zilikuwepo zile siku kumi.

Mlezi kiongozi aliniambia mapema: Bwana Mdogo utamwambia wewe, kwa mdomo wako. Usimwambie miezi miwili kabla, hajui miezi miwili ni nini. Usimwambie siku ya mwisho. Na usimdanganye. Basi tukafunga kamba ukutani, tukabana vibanio kumi vya nguo, kila kimoja siku moja ya kazi. Kila asubuhi akifika anatoa kimoja, vikiisha Dada anaondoka. Siku ya kwanza alivipenda tu kama mchezo. Siku ya tatu akaniuliza Dada anakwenda wapi. Nikamwambia Tanzania, kwa mama yangu. Akafikiri. Akauliza, "Utarudi baada ya kulala?"

Nieleze hapo. Watoto wadogo wa pale saa zao ni mbili: baada ya kula, na baada ya kulala. Mzazi anasema nitakuchukua baada ya kulala, maana yake ukiamka usingizi wa mchana utaniona. Ndiyo ahadi kubwa kuliko zote anazozijua na haijawahi kuvunjwa.

Nikasema hapana, si baada ya kulala.

"Baada ya kulala mara nyingi?"

Mnajua nilitaka kusema nini. Ndiyo, mpenzi wangu, baada ya kulala mara nyingi. Neno lenyewe lilikuwa limeshafika kwenye meno. Kila mtu mzima pale alikuwa ananiambia utarudi, lazima urudi kututembelea, nami nilikuwa nawajibu ndiyo kwa heshima. Wao wakitaka kuja kwetu wanakata tiketi, wanafika Dar, wanalipa dola 50 wanagongewa viza, wanaendelea na safari ya Zanzibar. Mimi nikitaka kwenda kumwona mtoto mmoja kwa wiki mbili, ni fomu, ni barua ya mwaliko, ni taarifa ya benki (ipi, hii ya bumu?), ni kushawishi dirishani kwamba nina sababu za kurudi nyumbani, na ada ambayo wakati ule ilikuwa yuro 80 na tangu Juni 2024 ni 90, kabla hata hujagusa tiketi. Mtu wa miaka mitatu utamwelezaje hayo? Hata wa miaka arobaini pale walikuwa hawaelewi, walidhani natania.

Nikamwambia, "Sijui." Akaniangalia kwa muda. Nikasubiri yowe. Hakupiga yowe. Akauliza kama Tanzania kuna gari la taka.

Nikamwambia yapo. Nikamweleza na mikokoteni, na wale vijana wanaopita mtaani wakigonga kwenye madebe. Nikamweleza watoto wa kwetu wanavyotengeneza magari ya waya, matairi wanakata kwenye kandambili zilizokwisha, na wanayaendesha kwa fimbo ndefu wakikimbia. Akasimama kabisa. Akataka gari la taka la waya. La rangi ya chungwa. Nikamwambia hilo nitakuletea, yaani nitalituma, na nikairudia mara mbili kwa Kijerumani sahihi ili nisije nikawa nimekosea kitenzi. Katika ahadi zote zilizoelea hewani wiki ile, hiyo moja niliipima nikaona naiweza.

Ijumaa alitoa kibanio cha mwisho akakitia mfukoni kwangu, akakimbilia mchanga. Zamu yangu iliisha saa tisa mchana, yeye alikuwa anachukuliwa saa kumi, kwa hiyo mimi ndiye niliyekuwa naondoka na yeye ndiye anayebaki. Nikachuchumaa, nikamwangalia usoni, nikamwambia naondoka, kesho siji, Jumatatu siji, nakwenda kwa mama yangu. Tschüss. Akasema, "Tschüss, Dada." Nikavaa viatu, nikapita ile njia. Nilipofika chini ya dirisha nikainua macho, mlezi kiongozi amemwinua, na yeye anapunga kwa mkono wote kama anavyowapungia watu wa Jumanne. Mwaka mzima nilikuwa sijawahi kuliona lile dirisha kutoka nje. Halikuwa kubwa. Nikapunga, nikapunga, nikafika kwenye kona, na baada ya kona ndipo mambo yalipotokea, abiria wa kituo cha basi pale wana habari kamili. Mwanamke mmoja alinipa pakiti nzima ya karatasi za kufutia machozi bila kusema neno, akarudi kusoma kitabu chake.

Uwanja wa ndege nisiwachoshe. Niliokaa nao walinisindikiza mpaka kwenye ukaguzi, jambo ambalo nililipenda, maana wao kwa kawaida kuaga ni mlangoni na mlango unafungwa, hawana ile yetu ya kumsindikiza mgeni hatua kumi zinazozaa stori nyingine ya saa nzima. Nikapita Istanbul, nikafika Dar saa tisa usiku. Joto likanikumbatia kabla ya ndugu.

Mlezi kiongozi aliniandikia baada ya wiki. Bwana Mdogo aliniulizia siku tatu. Jumanne alisema Dada yuko Tanzania anaangalia gari lake la taka. Baada ya hapo hakuuliza tena. Akaniambia hiyo ni habari njema, nami ninajua kisomi kwamba ni habari njema. Krismasi tukapigiana simu ya video, akajificha nyuma ya mama yake, akachungulia jicho moja. Wiki nzima iliniuma, na wakati huohuo nilifurahi, sijui kama mnanielewa.

Kuna siku nilimsimulia mama haya yote, tunachambua mchele uani. Nilimweleza ile sheria ya kutotoroka, mtoto aagwe usoni. Sikuwa namsema yeye, nilikuwa nasimulia tu, lakini maneno yakatembea yenyewe mpaka Lushoto. Mama akachambua kimya kwa muda. Kisha akasema, "Mimi nilikuwa nakuaga. Kila mara. Nilikuwa nakaa kitandani pale na taa, naongea na wewe mpaka bibi yako aje aniambie basi linapiga honi." Nikasema lakini mama nilikuwa nimelala. Akasema, "Eeh. Ningekuamsha ningepanda basi gani?"

Sikuwa na jibu, na kwenye vitabu vya saikolojia sijalikuta bado.

Mwaka jana nilipokwenda TP, shule moja ya kata mkoani Morogoro, siku ya kwanza kabisa niliandika ubaoni kwenye kona tarehe nitakayoondoka, nikaizungushia duara, nikasema isifutwe. Kidato cha kwanza wakacheka. Mwalimu mwenyeji akaniambia hajawahi kuona, walimu wa mazoezi huwa wanapotea tu siku moja, wanafunzi wanasikia parade ya asubuhi kwamba walishaondoka. Ilipobaki wiki moja kuna binti alikuwa anafuta ubao wote kila siku na kuizunguka ile kona kwa uangalifu kama kuna yai.

Sasa shida yangu ya leo. Nimempata kijana pale nyuma ya Mabibo, darasa la sita, fundi hasa. Amenitengenezea gari la taka la waya na mabati ya kopo la maziwa, lina mdomo wa nyuma unaofunguka, matairi ya kandambili, tumelipaka rangi ya chungwa makopo mawili. Fimbo inachomoka. Liko juu ya kabati langu, mwenzangu wa chumbani analisukuma usiku akidhani nimelala. Kulituma kwa posta waliniogopesha bei, na ninaogopa litafika limekuwa chapati. Kama kuna mdau ana ndugu au rafiki anayesafiri kwenda Hamburg kabla ya Pasaka, uzito haufiki kilo moja, anitafute. Nitamleta mwenyewe mpaka uwanja wa ndege na soda juu.